Mguu wa mzee uko kwenye kisanduku kipi? Barua ya wazi kwa wanaosimamia mchujo wa urais wa 2028

Kwa viongozi wa chama cha Democratic na cha Republican, hapa Iowa na kule Washington. Kwa wanaoandaa midahalo ya wagombea. Na kwa kila mmoja wenu anayejiandaa kuomba uteuzi wa urais wa Marekani mwaka 2028.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Des Moines. Mimi ni mama wa watoto wanne na msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulea wazee. Nafanya zamu ya usiku, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilizaliwa Fizi, Kongo mashariki. Mwaka 1996, nikiwa na miaka 12, nilivuka Ziwa Tanganyika na mama na wadogo zangu hadi Kigoma, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikaolewa hapo, nikajifungulia hapo. Iowa tulifika 2012, na mwaka 2018 nikaapa kuwa raia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofikiria nikiwa na uchungu, na kwa sababu wenzangu wengi wa Des Moines na Cedar Rapids watataka kuisoma kabla yenu ili waniambie kama nimesema kweli. Binti yangu ataitafsiri kwa Kiingereza na kuwatumia.

Jioni ya 3 Februari 2020 nilibadilishana zamu na mwenzangu ili nihudhurie kokasi yangu ya kwanza. Kwa ndugu msomaji aliye mbali na Iowa, kokasi ni mkutano wa chama wa kumchagua mgombea, na ile ya Democratic mwaka ule haikuwa jambo la kutumbukiza karatasi sandukuni na kurudi nyumbani. Tulikusanyika saa moja jioni katika shule ya mtaa. Wale wa mgombea huyu walichukua kona hii, wa mgombea yule kona ile, tukahesabiwa tukiwa tumesimama. Kundi lisilofikisha asilimia 15 lilivunjika, na watu wake wakabembelezwa na makundi mengine mbele ya majirani zao. Kwangu mimi, niliyezaliwa mahali ambapo kura yako ikijulikana unaweza kulala msituni, kusimama wazi namna ile chini ya taa za uwanja wa mpira wa kikapu lilikuwa jambo kubwa. Miguu ilinitetemeka. Lakini nilisimama.

Kabla sijaingia, msichana mmoja mlangoni aliyekuwa akikusanya maoni kwa ajili ya vyombo vya habari alinipa karatasi na kalamu. Kulikuwa na swali lenye visanduku vinne: kati ya haya, lipi ni muhimu zaidi kwako? Huduma ya afya, mabadiliko ya tabianchi, pengo la kipato, au sera ya mambo ya nje. Tiki ni moja tu. Nilitia kwenye afya. Usiku ule karibu watu wanne katika kila kumi walijibu kama mimi, na afya ikatangazwa kuwa hoja ya kwanza ya wapigakura wa Democratic wa Iowa. Vita viliingizwa ndani ya mambo ya nje, na mambo ya nje yakabaki nyuma kabisa. Na hapo ulikuwa umepita mwezi mmoja kamili tangu ndege isiyo na rubani ya Marekani imuue Jenerali Qassem Soleimani wa Iran kule Baghdad, na kazini tulikuwa tunaulizana ni watoto wa nani watakaopelekwa safari hii.

Nilimrudishia yule binti karatasi yake, na moyoni nikajisikia kama mtu aliyetoa ushahidi nusu. Imenichukua miaka kuelewa kwa nini, na aliyenifundisha ni mzee mmoja wa mwisho wa korido yangu.

Mzee huyu alipelekwa Vietnam mwaka 1967 akiwa na miaka 19. Mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Saa tisa za usiku huwa namgeuza ubavu, nafungua bendeji, naangalia ngozi ya kisiki kama imebadilika rangi, kisha nafunga upya. Bendeji ya kisiki haizungushwi kama unavyofunga kidonda cha kawaida. Unaipitisha kimshazari kwa umbo la nane, unakaza chini, unalegeza kadiri unavyopanda juu, la sivyo damu inatuama na kisiki kinavimba. Nikifanya hivyo yeye hunisimulia. Kuna usiku huniomba nimkune kidole gumba cha mguu ambao haupo. Najua haupo, na yeye anajua haupo, lakini naweka mkono pale kwenye shuka, mahali ambapo kidole kingekuwa, na anatulia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kisukari cha aina hiyo kwa askari waliokuwa Vietnam, wizara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wa zamani yenyewe imekubali kukihesabu kuwa kinahusiana na Agent Orange, ile dawa ya kuua majani iliyomwagwa kutoka angani ili misitu ipukutike. Kwa hiyo nauliza, waheshimiwa: mguu wa mzee wangu uko kwenye kisanduku kipi? Ni jambo la afya? Ni jambo la vita? Kama ningekuwa na karatasi ile tena, ningemtilia tiki wapi?

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mnaendesha mchujo kana kwamba afya ni mlango mmoja na vita ni mlango mwingine, na mwananchi achague ataingilia upi. Sisi tunaofanya kazi korido za usiku tunajua ni chumba kimoja.

Mzee ndiye aliyeniambia kuhusu Lyndon Johnson. Nilikuwa simjui. Nikaenda maktaba ya mtaa na binti yangu, tukasoma. Mwaka 1965, tarehe 28 Julai, Rais Johnson alitangaza kwamba askari wa Marekani kule Vietnam wataongezwa kutoka 75,000 hadi 125,000. Siku mbili baadaye, 30 Julai, alikwenda Independence, Missouri, akakaa kando ya rais wa zamani, mzee Harry Truman, na kutia saini sheria ya Medicare na Medicaid, bima ya wazee na bima ya watu wa kipato kidogo. Wiki moja, mkono mmoja, kalamu ya rais yule yule. Miaka mitatu haikutimia. Tarehe 12 Machi 1968, kwenye mchujo wa New Hampshire, Seneta Eugene McCarthy aliyekuwa akipinga vita alipata karibu asilimia 42 dhidi ya 49 za rais aliye madarakani. Tarehe 31 mwezi huo huo Johnson akahutubia taifa na kusema hatagombea tena. Mzee wangu aliisikia habari hiyo kwenye redio akiwa kambini, amejifunika turubai, mvua inanyesha. Anasema hakuna aliyeshangilia. Walitazamana tu wakijiuliza kama sasa watarudi nyumbani. Vita viliendelea miaka mingine kadhaa.

Mtu aliyewapa wazee wa nchi hii kadi ya hospitali ndiye aliyempeleka mzee wangu mahali alipopata ugonjwa unaohitaji kadi hiyo. Simlaani. Nasema tu kwamba hata historia yenu wenyewe haikubali kugawanywa kwenye visanduku.

Tarehe 14 Januari 2020, wiki tatu kabla ya kokasi, wagombea sita wa Democratic walikuwa na mdahalo Chuo Kikuu cha Drake, hapa hapa Des Moines. Nilikuwa sina zamu, nikautazama wote na baba watoto. Walianza na vita. Joe Biden alikiri kwamba kura yake ya mwaka 2002 ya kuruhusu vita vya Iraq ilikuwa kosa. Bernie Sanders akakumbusha kwamba yeye alipiga kura ya hapana. Kisha vita vikawekwa kando, na baadaye wakahamia kwenye afya, na hapo lugha ikabadilika kabisa, ikawa lugha ya duka. Itagharimu kiasi gani? Utalipaje? Hutaifilisi nchi? Elizabeth Warren alikuwa amebanwa majuma mengi kwa swali hilo mpaka Novemba 2019 akatoa hesabu ya mpango wake wa bima ya serikali kwa wote: trilioni 20.5 za dola kwa miaka 10. Hesabu ikachambuliwa kama mchele kwenye ungo. Sawa. Pesa za watu lazima ziulizwe, na mimi nataka ziulizwe.

Lakini katika midahalo yote niliyoitazama, ya vyama vyote viwili, sikumbuki hata mara moja kumwona mgombea aliyesema yuko tayari kutumia jeshi akiulizwa kwa ukali ule ule: utalipaje? Na simaanishi mabomu na mafuta ya ndege tu. Namaanisha utalipaje bendeji ya saa tisa usiku, miaka 50 baada ya wewe kuondoka madarakani. Mwaka 2022 wanajeshi wa zamani walilala kwenye ngazi za jengo la Congress, bunge la Marekani, kwenye joto la Julai na mvua, mpaka Seneti ilipopitisha sheria ya kuwatibu walioumwa kwa moshi wa mashimo ya kuchomea takataka kule Iraq na Afghanistan. Sheria ilisainiwa 10 Agosti 2022. Kura ya kuwapeleka Iraq ilipita Oktoba 2002, 77 kwa 23 katika Seneti. Kwenda kuliamuliwa haraka. Matibabu yakasubiri karibu miaka 20.

Nawaomba msidhani haya ni manung'uniko ya chama kimoja dhidi ya kingine. Nimeona ahadi za mchujo zikivunjika pande zote mbili. Mwaka 2008 Barack Obama alishinda hapa Iowa kwa sehemu kubwa kwa sababu alikuwa ameipinga vita ya Iraq tangu mwanzo, na Hillary Clinton alikuwa ameipigia kura ya ndiyo. Katika mchujo ule ule walibishana kuhusu bima: Clinton akitaka kila mtu alazimike kuwa nayo, Obama akipinga. Miaka miwili baadaye sheria aliyoisaini Obama ikawa na sharti lile lile alilolipinga. Mwaka 2015 Donald Trump aliahidi kwamba hatapunguza Medicaid. Februari 2016, kwenye mdahalo wa South Carolina, aliwaambia Republican wenzake usoni kwamba vita vya Iraq vilikuwa kosa kubwa, wakamzomea ukumbini, na wiki moja baadaye akashinda jimbo hilo. Watu walichoka vita, alilisikia hilo wakati wengine hawakulisikia, na kwa hilo nampa haki yake. Mwaka 2020 Biden alituahidi bima ya serikali ambayo mtu angeweza kuinunua akitaka. Haikuja. Na mwaka 2024, kule Michigan, watu zaidi ya 100,000 waliingia kwenye mchujo wa Democratic wakachagua kutomchagua yeyote, kwa sababu ya Gaza. Hao nao waliambiwa wachague jambo lingine la kujali, na walikataa.

Ndipo ikaja 4 Julai 2025. Siku hiyo Rais Trump alisaini sheria moja kubwa ya bajeti. Ndani ya sheria hiyo moja, Medicaid inapunguziwa zaidi ya dola bilioni 900 kwa miaka 10, na jeshi linaongezewa takriban bilioni 150. Ofisi ya Bajeti ya Congress ilikadiria kuwa watu milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima kufikia mwaka 2034. Watu wazima wengi wenye Medicaid ya nyongeza, ile iliyopanuliwa iwafikie watu wazima wa kipato kidogo, watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi kila mwezi. Na kuanzia 1 Oktoba 2026, wakimbizi, watu walioletwa na serikali hii hii kwa ndege baada ya miaka ya kuchunguzwa, wanaondolewa kwenye Medicaid mpaka wapate kadi ya ukaazi wa kudumu. Mkimbizi hufika hapa na kidonda cha vita mwilini. Kama kuna mwezi anaohitaji daktari ni ule wa kwanza, akiwa bado hana kazi, hana Kiingereza, hana gari.

Kwa hiyo Congress wao hawakuchagua kisanduku kimoja. Waliandika afya na vita kwenye karatasi moja wakapiga kura moja. Ni sisi tu tunaoambiwa tutie tiki moja.

Niseme kidogo kuhusu Medicaid, kwa sababu naona wagombea wengi wanaizungumzia kama sadaka ya watu wavivu. Zaidi ya nusu ya wazee wanaolala katika nyumba kama yetu nchini wanalipiwa na Medicaid. Familia nyingi hazijui. Wanakuja wakiwa na uhakika kwamba Medicare, ile ya Johnson na Truman, itamlipia mama yao kitanda maisha yake yote. Hailipi. Medicare inalipa siku chache za kupona baada ya hospitali, basi. Baada ya hapo mzee anakula akiba yake mpaka ibaki chini ya dola 2,000 hapa Iowa, ndipo Medicaid inaingia. Nimemvalisha soksi mwalimu mstaafu, na mkulima aliyelima mahindi miaka 40, na mke wa mchungaji. Wote wanalipiwa na bima hiyo mnayoikata, na wengi wao hawajui kuwa jina lake ni Medicaid. Ikikatwa, ataondolewa mmoja wetu kwenye zamu kwanza. Nitabaki na wazee 24 badala ya 16, na ile saa tisa ya kumgeuza mzee itakuwa saa kumi na moja. Ngozi ya mzee haisubiri. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sisi wenyewe tunaowahudumia tuna bima ya kazi, na bima ya kazi ni kitu cha kuogopesha. Mwaka 2022 baba watoto alikatwa kidole tumbo usiku wa manane. Anafanya kazi kiwanda cha nyama ya nguruwe, ana bima, analipia kila wiki. Bahasha zikaanza kuja: ya hospitali, ya daktari wa usingizi, ya gari la wagonjwa, kila moja peke yake, kila moja na rangi yake. Baada ya bima kulipa yake, tulibaki na dola 6,480. Tulilipa 150 kila mwezi. Bahasha ya mwisho niliichana juu ya sinki nikalia, si kwa furaha, kwa uchovu.

Kule Nyarugusu tulipanga foleni ya zahanati tangu saa kumi alfajiri, na mara nyingi dawa ilikuwa panadol tu. Sisemi kule ni bora. Mdogo wangu alifia kwenye foleni ile kwa malaria, kwa hiyo sitasema kule ni bora. Nasema tu kwamba hakuna aliyemfuata mama yangu hadi kwenye turubai lake kumdai pesa ya mtoto aliyekufa.

Mtoto wangu wa kwanza aliziona bahasha zile. Alikuwa na miaka 15 na ndiye aliyekuwa akitusomea. Sasa ana 19, na mwaka huu alikuja jikoni na fomu za Gadi ya Taifa ya Iowa, jeshi la akiba la jimbo letu. Nilikuwa nasonga ugali. Akaniambia: mama, wanalipa ada yote ya chuo kikuu cha jimbo. Nikanyamaza. Akasema: na kuna bima, mama, ya bei nafuu, nzuri kuliko ya baba. Alisema hilo kwa upole, kama mtu anayeleta zawadi.

Nimevuka ziwa usiku, nimelala chini ya mtumbwi, ili watoto wangu wasibebe bunduki. Na mwanangu anataka kwenda jeshini ili asije kuletewa bahasha. Yeye ana haki. Wanaovaa sare hiyo ninawaheshimu, nawafunga bendeji kila usiku. Lakini mniambie, huyu kijana wangu anakwenda kwa ajili ya vita au kwa ajili ya afya? Mtamhesabu kwenye kisanduku kipi?

Tarehe 13 Desemba 2025 askari wawili wa Gadi ya Taifa ya Iowa waliuawa Palmyra, Syria, pamoja na mkalimani wao, raia wa Marekani. Mtaani kwetu bendera zilishushwa nusu mlingoti. Bunge halijawahi kupiga kura ya kutangaza vita Syria. Walikuwa kule chini ya ruhusa iliyopitishwa Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, ruhusa ambayo mbunge mmoja tu katika Baraza la Wawakilishi, Barbara Lee, aliipinga, 420 kwa 1. Siku ile vijana wale wawili wa Iowa walikuwa watoto wadogo. Ruhusa imewasubiri wakue. Mwanangu alikuwa hajazaliwa.

Najua katika mchujo ujao kutakuwa na watakaosema: sisi tulimaliza vita. Kongo yetu itatajwa. Kwa hiyo niwaambie mapema. Tarehe 4 Desemba 2025 marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walitia saini makubaliano Washington mbele ya Rais Trump. Shangazi yangu alikuwa Uvira, Kongo mashariki. Aliitazama sherehe ile kwenye simu ya jirani. Siku chache baadaye waasi wa M23 waliingia Uvira, na shangazi akavuka kwenda Burundi na sufuria mbili na dawa zake za presha za wiki moja. Dawa ziliisha. Sikatai saini. Nimeomba amani tangu utoto na nitaipokea hata ikiletwa na nisiyempenda. Ila mgombea akiwaambia amemaliza vita, mwulizeni kama zahanati ya pale imefunguliwa, kama mama anajifungua kwa mkunga, kama shangazi yangu amepata dawa za presha. Sisi tuliokimbia tunaipima amani hivyo.

Basi nawaombeni.

Ninyi mnaoandaa midahalo, msitenganishe tena kipindi cha afya na kipindi cha vita. Mgombea akisema anataka kila mtu atibiwe, mwulizeni atalipaje. Akisema yuko tayari kutumia nguvu za kijeshi Iran, au Syria, au kokote, mwulizeni kwa sauti ile ile atalipaje, na nani atalipia mguu wa askari akiwa na miaka 77. Mpeni dakika zile zile, mkateni maneno akikwepa, kama mlivyomkata Warren. Na mwulizeni kama atakwenda Congress kwanza kuomba kura, kwa vita vile, kwa jina lake, badala ya kuchukua ruhusa ya 2001 kabatini. Juni 2025 Marekani ilipiga mabomu vituo vya nyuklia vya Iran bila kura yoyote. Nataka kujua kabla ya kokasi, si baada ya miaka 18, nani ataniambia kwamba lilikuwa kosa.

Ninyi wagombea, mkija Iowa msiishie kwenye maonyesho ya kilimo na mikahawa. Njooni saa tisa usiku. Nyumba za wazee hazilali. Mtaosha mikono, mtavaa glavu, na mtamshika mzee begani wakati mimi namgeuza. Dakika kumi zinatosha. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nilikuja kama mgeni, nikapewa wenyeji wa kuwauguza. Nafanya kazi hiyo kwa moyo wangu wote.

Nanyi viongozi wa vyama. Kama Iowa itakuwa jimbo la kwanza tena kwenye mchujo au la, hayo ni yenu. Lakini kokasi ni shughuli inayoendeshwa na vyama. Saa moja jioni ndipo msaidizi wa wauguzi anapooga aende kazini, na mfanyakazi wa nyama wa zamu ya pili yuko kwenye mkanda na kisu mkononi. Mwaka 2020 mliweza: kule Ottumwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguruwe, wengi wao waliotoka Ethiopia, walifanyiwa kokasi yao mchana kabla ya zamu. Fanyeni hivyo kila mahali penye kiwanda na kila mahali penye hospitali. Na wekeni mkalimani wa Kiswahili. Tuko wengi kuliko mnavyodhani, tunalipa kodi, na tunajua vita na tunajua hospitali kwa namna ambayo ingewafaa kuisikia kabla hamjaamua.

Mzee wangu nimemweleza kuhusu barua hii. Aliuliza kama nimeandika kuhusu mguu. Nikamwambia ndiyo. Akasema niandike pia kwamba alikuwa mchezaji mzuri wa besiboli, kabla. Nimeandika.

Mwanangu hahitaji saini yangu, ni mtu mzima. Lakini amelelewa kwa mila za Kibembe, kabila letu, na anataka baraka kabla ya kwenda, na mimi sijaweza kuzitoa wala kuzikataa. Nimemwambia anipe muda, nina watu nataka kuwauliza kwanza. Fomu ziko juu ya friji, chini ya chombo cha chumvi.

Nasubiri majibu yenu.

Mama wa watoto wanne, zamu ya usiku
Des Moines, Iowa